Sarufi ya lugha ya kompyuta: Kanuni chache zinazoilazimu akili mnemba ijieleze

MWANAFUNZI yeyote aliyepitia shule ya upili nchini Kenya amewahi kukutana na agizo hili: "Changanua sentensi ifuatayo kwa kutumia matawi." Akaandika S juu, akateremsha vijistari viwili, kimoja kikaishia kwenye KN na kingine kwenye KT, kisha akaendelea kupasua mpaka akafika kwenye nomino, kitenzi na kivumishi. Wengi walifanya hivyo kwa ajili ya alama chache za mtihani, wakafunga daftari, wakasahau.

Katika makala haya ninataka kuonyesha kwamba mchoro ule, ambao wengi huuona kama adhabu ya walimu wa Kiswahili, ndio uti wa mgongo wa lugha za kompyuta. Zaidi ya hayo, ninataka kuonyesha kwamba siku hizi unatusaidia kukabili swali zito: mashine ikitoa uamuzi unaomgusa binadamu, tutailazimu vipi ieleze jinsi ilivyoufikia?

Mfano wangu ni lugha moja changa ya kompyuta iitwayo muG. Ilibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Camerino, nchini Italia: Matteo Belenchia, Flavio Corradini, Michela Quadrini na Michele Loreti. Jina lake huandikwa kwa herufi ya Kigiriki inayotamkwa "mu" ikifuatwa na G. Kazi yake ni moja tu: kuandika programu za aina ya akili mnemba inayoitwa mitandao ya neva ya grafu. Usiogope jina hilo, mpenzi msomaji. Tutalifikia polepole. Kwanza tuanze na sarufi yenyewe.

Sarufi ni nini kwa mashine?

Mwaka 1956 mwanaisimu wa Marekani, Noam Chomsky, alichapisha makala iliyolinganisha namna tatu za kueleza muundo wa lugha. Mwaka uliofuata kikatoka kitabu chake maarufu kuhusu miundo ya sintaksia. Wazo lake kuu lilikuwa hili: sarufi ni mtambo mdogo wa kanuni chache unaoweza kuzalisha sentensi zote sahihi za lugha, na usizalishe hata moja isiyo sahihi. Ndiyo maana wanaisimu wetu wakaiita sarufi zalishi.

Sarufi ya namna hiyo huhitaji vitu vinne. Kwanza, maneno yenyewe, kama vile "mtoto", "analala", "mrefu". Pili, majina ya makundi, kama KN na KT, ambayo hayatamkwi katika sentensi bali hutumika njiani wakati wa kuijenga. Tatu, kanuni za kubadilisha kundi moja kuwa vipande vyake, kwa mfano:

S → KN KT
KN → N
KN → N V
KN → KN na KN
KT → T
KT → T KN

Nne, mahali pa kuanzia, yaani S. Basi. Hebu itazame kanuni ya nne katika orodha hiyo. Kundi nomino limejitaja lenyewe: KN linaweza kuwa "KN na KN". Kwa kanuni hiyo moja unapata "mtoto na mwalimu", kisha "mtoto na mwalimu na daktari", na unaweza kuendelea hadi kiama. Kanuni ni sita. Sentensi hazina idadi. Huo ndio uchumi wa sarufi.

Wakati Chomsky alipokuwa akitafuta kile ambacho binadamu amebeba kichwani, mhandisi wa kampuni ya IBM, John Backus, alikuwa na shida nyingine kabisa. Alikuwa ameongoza kikundi kilichounda Fortran, iliyotoka mwaka 1957. Sasa wataalamu wa nchi kadhaa walikuwa wakiunda lugha nyingine ya kompyuta, Algol, na walihitaji namna ya kuieleza isiyozua mabishano. Mwaka 1959 Backus aliwasilisha mjini Paris utaratibu wa kuandika kanuni unaofanana sana na ule wa KN na KT. Mwanasayansi wa Denmark, Peter Naur, akauboresha na kuutumia katika ripoti ya Algol ya mwaka 1960. Tangu hapo mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta hufundishwa utaratibu huo kwa majina ya wawili hao. Mwanaisimu na mhandisi walikuwa wamepita njia mbili tofauti, wakakutana kwenye mlango mmoja.

Vikombe na visahani

Lakini kwa nini mashine ihitaji ukali wote huo? Jibu limo katika sentensi hii ya jikoni: "Leta vikombe na visahani vilivyooshwa."

Je, vilivyooshwa ni vipi? Huenda ni visahani peke yake, na vikombe viletwe vyovyote vile. Huenda ni vikombe pamoja na visahani. Maneno ni yale yale, mpangilio ni ule ule, lakini matawi yanaweza kuchorwa kwa namna mbili, na kila mchoro una maana yake. Sentensi ya aina hii tunaiita tata. Binadamu akiisikia hutazama hali ilivyo, hukisia, au huuliza, "Unamaanisha vyote?" Mshairi naye huufurahia utata, ni kiungo cha mchuzi wake. Mashine haina jicho la kutazama hali wala aibu ya kuuliza. Itachukua mchoro mmojawapo na kusonga mbele.

Utata wa namna hii umo pia katika programu. Tuseme tuna alama mbili za kuunganisha hatua. Nukta-mkato (;) maana yake ni "kisha": matokeo ya hatua ya kwanza yaingie katika ya pili. Mistari miwili ya wima (||) maana yake ni "sambamba": hatua mbili zipewe kitu kile kile na matokeo yake yawekwe pamoja kama jozi. Alama hizi mbili zimo katika muG. Sasa soma:

A ; B || C

Tuchukulie A ni "zidisha kwa 2", B ni "ongeza 3", na C ni "ongeza 10", na tunaanza na namba 5. Ukisoma kwamba A ifanywe kwanza, kisha B na C sambamba, A inatoa 10, B inatoa 13 na C inatoa 20. Jozi ni 13 na 20. Ukisoma kwamba "A kisha B" ni upande mmoja, na C ni upande wa pili, upande wa kwanza unatoa 13, lakini C inaipokea 5 ya mwanzo na kutoa 15. Jozi ni 13 na 15. Ni vikombe na visahani tena, ila hapa kosa halionekani. Hakuna anayeletewa kikombe kichafu akapiga kelele. Namba inapita kimya kimya hadi mwisho.

Ndiyo sababu sarufi ya lugha ya kompyuta hukata shauri mapema. Ama inasema alama ipi ina nguvu kuliko nyingine, kama tunavyofundishwa kuzidisha kabla ya kujumlisha, ama inadai mabano. Kila programu lazima iwe na mchoro mmoja tu wa matawi.

Grafu kama wavu

Sasa tulifikie lile jina refu. Shuleni neno "grafu" humaanisha mchoro wa mistari na vipimo kwenye karatasi ya miraba. Wanahisabati wanalo grafu jingine, na mimi hulieleza kwa mfano wa wavu wa mvuvi. Wavu una mafundo, na kati ya fundo na fundo kuna uzi. Hilo ndilo grafu: mafundo na nyuzi, basi. Elimu yake ilianzishwa na Leonhard Euler mwaka 1736, alipothibitisha kwamba haiwezekani kuizunguka Königsberg kwa kuvuka kila mojawapo ya madaraja yake saba mara moja tu. Vipande vya ardhi vya mji huo vilikuwa mafundo. Madaraja yalikuwa nyuzi.

Mambo mengi yana umbo la wavu. Barabara ni nyuzi na njia panda ni mafundo. Katika molekuli, atomi ni mafundo na viungo vya kikemia ni nyuzi. Watu ni mafundo, na kutumiana pesa kwa simu ni uzi. Mwaka 2005 watafiti wa Italia, Marco Gori, Gabriele Monfardini na Franco Scarselli, walipendekeza mfumo wa akili mnemba uliolenga data ya umbo hilo. Mwaka 2020 watafiti wa taasisi ya MIT, Marekani, walitangaza kwamba mfumo wa jamii hii uliwasaidia kutambua kemikali waliyoiita halicin, ambayo iliua aina kadhaa za bakteria sugu katika majaribio ya maabara na ya panya. Kwa hiyo hatuzungumzii mchezo wa watoto.

Mfumo huu hufanyaje kazi? Ni kama umbeya wenye nidhamu. Kila fundo lina namba yake, au safu ya namba. Katika kila duru, kila fundo hupokea ujumbe kutoka kwa majirani zake, huuchanganya, kisha hubadilisha namba yake. Majirani hawana foleni, hivyo mchanganyo lazima utoe jibu lile lile hata wakifuatana vipi. Ndivyo ilivyo harambee: jumla haibadiliki kwa sababu fulani alitoa kabla ya fulani. Jumla, wastani na namba kubwa kuliko zote ni michanganyo inayokubalika.

Tuchukue mfano wa kubuni wa watu watatu. Amina hutumiana pesa na Baraka. Baraka hutumiana pesa na Chebet. Amina na Chebet hawajuani kabisa. Alama zao za kuanzia ni 2 kwa Amina, 4 kwa Baraka na 9 kwa Chebet, na tuseme alama kubwa inaashiria hatari ya kutolipa mkopo. Kanuni ni hii: kila mmoja achukue wastani wa alama yake na za majirani zake.

Duru ya kwanza: Amina anapata (2+4)÷2, yaani 3. Baraka anapata (2+4+9)÷3, yaani 5. Chebet anapata (4+9)÷2, yaani 6.5. Duru ya pili: Amina anapata (3+5)÷2, yaani 4.

Tazama kilichotokea. Katika duru ya kwanza alama ya Amina ilipanda kwa sababu ya Baraka peke yake. Katika duru ya pili imepanda tena, na safari hii ndani yake mna sehemu ya 9 ya Chebet iliyopitia kwa Baraka. Alama ya Amina sasa ni maradufu ya ile aliyoanza nayo, na mmoja wa waliomchafulia jina ni mtu ambaye hajawahi kumwona. Iwapo mkopeshaji ameweka mpaka kwamba mwenye alama zaidi ya 3.5 asipewe pesa, Amina amenyimwa. Akiuliza sababu, atajibiwa, "Ni kompyuta imekataa."

Sarufi ya muG

Hapa ndipo sarufi inapokuwa suala la haki. Mitandao ya aina hii kwa kawaida huandikwa katika lugha za kompyuta za matumizi yote, ndani ya mamia au maelfu ya mistari, na muundo wa hesabu yenyewe umefunikwa na mambo mengine mengi. Wabunifu wa muG walifanya kinyume. Walitunga lugha ndogo ambamo kinachoweza kusemwa ni hesabu juu ya mafundo na nyuzi, kisha wakaipa sarufi inayoandikika katika mistari michache.

Vipashio vyake vikuu, nikivieleza kwa Kiswahili cha kawaida, ni hivi. Kuna hatua ya kutofanya kitu, yaani kuacha namba zilivyo. Kuna hatua ya kutumia kanuni ya hesabu kwenye mafundo. Kuna hatua ya kukusanya ujumbe kutoka kwa mafundo yanayokuelekezea mshale, na nyingine ya kukusanya kutoka kwa yale unayoyaelekezea mshale wewe, kwa kuwa uzi unaweza kuwa na mwelekeo: aliyetuma pesa si sawa na aliyepokea. Halafu kuna njia za kuunganisha: "kisha" na "sambamba" tulizoziona, "ikiwa… la sivyo", na mrudio, yaani kurudia hatua mpaka mambo yatulie na namba zisibadilike tena.

Kama vile KN inavyoweza kuzaa "KN na KN", programu katika lugha hii inaweza kuwa "programu kisha programu" au "programu sambamba na programu". Kwa hiyo vipashio hivi vichache vinatosha kujengea mitandao mingi maarufu ya uwanja huu, na mingine ambayo bado haijabuniwa. Programu ya Amina, nikiiandika kwa maneno yetu, ni sentensi fupi:

kusanya-wastani, kusanya-wastani, linganisha-na-mpaka

Wabunifu hawakuishia kwenye umbo. Walieleza maana ya kila kipashio kwa namna mbili. Ya kwanza inasema programu ni nini: inageuza namba hizi za mafundo kuwa namba zile. Ya pili inasema programu hutendaje, hatua kwa hatua. Ni kama seremala anayeweza kukueleza meza kwa kukutajia itakavyokuwa ikiisha, au kwa kukuonyesha kila ubao unavyokatwa na kugongwa. Kisha wakathibitisha kwa hisabati kwamba maelezo hayo mawili ni sawasawa.

Jambo kuu katika maelezo hayo ni kwamba maana ya programu nzima hutokana na maana ya vipande vyake na jinsi vilivyounganishwa. Linaonekana dogo, lakini sisi wa Kiswahili tunajua kwamba lugha ya binadamu si mtiifu hivyo. Ukiambiwa fulani "amepiga maji", ukajumlisha maana ya "piga" na maana ya "maji", hutafika kwenye ulevi. Nahau huvunja kanuni hiyo kila siku, na ndiyo ladha yake. Lugha ya kompyuta yenye sarufi safi haina nahau. Ukivielewa vipande, umeielewa sentensi.

Ngeli za mashine

Kuna sehemu moja ya kazi hii ambayo Mswahili ana faida ya kuielewa upesi kuliko Mwingereza. Lugha hii ina mfumo wa aina za data. Namba ni aina moja. Jibu la ndiyo au hapana ni aina nyingine. Jozi ya namba ni nyingine tena. Kila hatua hutangaza inapokea aina gani na inatoa aina gani. Ukiunganisha hatua inayotoa namba na hatua inayotaka ndiyo au hapana, programu hukataliwa kabla haijaanza kufanya kazi.

Sisi tuna jambo kama hilo, tunaliita upatanisho wa kisarufi. Mtoto wa miaka minne aliyelelewa kwa Kiswahili akisikia "kiti amevunjika" atacheka. Hahitaji kwenda kukitazama kiti. Kosa limejionyesha katika maneno yenyewe, kwa sababu "kiti" ni wa ngeli ya KI-VI na kiambishi "a" kinadai mwenye uhai. Ngeli ni aina zetu za data, na viambishi ndivyo vilinda mlango. Isitoshe, ngeli huondoa utata. Badala ya vikombe na visahani vilivyooshwa, sema, "Leta vikombe na sahani iliyooshwa." Utata umekwisha: kiambishi "i" kinafunga mjadala.

Watunzi wa muG wamethibitisha kwamba programu iliyopita ukaguzi huo wa aina haitakwama njiani kwa sababu ya kukutana na aina isiyotarajiwa. Zingatia neno "imethibitishwa". Programu nyingi hujaribiwa mara mia, zikikubali tunasema ziko sawa. Uthibitisho ni kitu kingine: unahusu programu zote za lugha hiyo kwa pamoja, zilizoandikwa na zitakazoandikwa, na umewezekana kwa sababu programu hizo zote huzalishwa na kanuni chache zinazoweza kuchunguzwa moja baada ya nyingine. Mwaka 2023 watafiti hao hao walionyesha kwamba kwa lugha hii unaweza hata kuandika kikaguzi cha mifumo, yaani programu inayohakiki kwa mantiki kama mfumo fulani unatii masharti yake, kwa mfano kwamba mlango wa lifti kamwe haufunguki lifti ikiwa mwendoni.

Kumtetea Amina

Turudi kwa Amina. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya, ya mwaka 2019, katika kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutofanyiwa uamuzi wenye athari za kisheria au athari nyingine kubwa kwake iwapo umetokana na uchakataji wa mashine peke yake, ingawa inataja hali ambazo haki hiyo haitumiki. Ni haki nzuri. Lakini haki ya kulalamika bila kujua cha kulalamikia ni upanga wa mbao.

Sasa soma tena sentensi ya programu yake: kusanya, kisha kusanya, kisha linganisha. Neno "kusanya" limetokea mara mbili. Bila kuwasha kompyuta, bila kuona alama ya mtu yeyote, mtetezi wa Amina anaweza kusema kwa uhakika kwamba uamuzi huu umeathiriwa na watu walio umbali wa nyuzi mbili kutoka kwake, na hauwezi kuathiriwa na aliye mbali zaidi. Kisha anaweza kuuliza: kwa nini mbili? Kwa nini jirani wa jirani aingizwe katika deni la mtu asiyemjua? Mkopeshaji akiambiwa abakishe "kusanya" moja, tunajua pia matokeo: alama ya Amina itakuwa 3, chini ya mpaka, na mkopo ataupata.

Hoja hiyo inasimama mradi programu haina mrudio usio na kikomo wala kanuni inayotazama wavu mzima kwa mpigo. Ikiwa nayo, habari inaweza kutoka mbali zaidi. Hata hivyo, katika lugha yenye sarufi ya wazi, mrudio huonekana. Umeandikwa pale, una alama yake. Mtetezi ataunyooshea kidole na kudai aelezwe.

Sitaki msomaji aondoke na matumaini yasiyo na msingi. Sarufi hulinda umbo. Hailindi ukweli wala uadilifu. Sentensi "Jiwe lile lilikunywa chai kwa hasira" ina upatanisho safi kabisa, na mwalimu yeyote ataipa alama zote za uchanganuzi, lakini jiwe halinywi chai. Vivyo hivyo, programu inaweza kupita kila ukaguzi wa aina na bado ikawa dhalimu. Tena, katika mitandao halisi, kanuni za hesabu zilizo ndani ya kila hatua huwa na namba nyingi ambazo mashine imejifunza yenyewe kutoka kwa data. Sarufi haitakwambia kwa nini namba fulani ikawa 0.7. Itakwambia namba hiyo imetumika wapi, kwa nani, na kwa mpangilio gani. Huo si ushindi kamili, lakini ni tofauti kati ya kubishana na ukuta na kubishana na mtu aliyeandika maneno yake na kuyatia sahihi.

Wajibu wetu

Liko jambo linalotuhusu sisi wa lugha moja kwa moja. Bado tunajadiliana tuseme akili mnemba, akili unde au akili bandia. Mjadala huo una mahali pake, lakini tusikwamie kwenye jina la duka tukasahau bidhaa zilizomo. Neno "mtandao" tayari limebeba intaneti, majukwaa ya kijamii, nyaya za simu na sasa mitandao ya neva, linaanza kuelemewa. Kwa upande wangu ninapendekeza tuseme "fundo" na "uzi" tunapozungumzia grafu za aina hii, kwa sababu maneno hayo yapo, yanaeleweka tangu Lamu hadi Kisumu kwenye nyavu za wavuvi, na yana ngeli zake tayari: fundo na mafundo, uzi na nyuzi.

La mwisho ni kwa walimu wenzangu. Mwanafunzi akikuuliza matawi na vielelezo vya KN na KT vitamsaidia nini maishani, usimjibu kwamba ni kwa ajili ya mtihani. Mpe sentensi ya vikombe na visahani aichore mara mbili. Kisha mwandikie A ; B || C ubaoni, mpe namba 5, na umwache atafute mwenyewe ile 20 na ile 15 zimetoka wapi.